Garden Warfare: kwa nini mmoja anaisifu na mwingine anailaani

Mzazi akiuliza ni gemu gani ya kulenga na kufyatua ambayo mtoto anaweza kuicheza sebuleni bila mtu mzima kukunja uso, jina linalotajwa haraka ni Plants vs. Zombies: Garden Warfare. Mimea ya bustanini inapambana na mazombi waliovaa kama vichekesho, na hakuna tone la damu. Shida inaanza mzazi huyo anapokwenda kusoma maoni ya walioicheza. Mmoja anasema hajapata gemu bora ya kucheza na wanawe. Wa pili anasema ni mtego wa kukamua pesa. Wa tatu anaiona rahisi mno, wa nne analalamika kwamba mwanawe anapigwa mpaka analia, na wa tano ametoa nyota moja kwa sababu diski aliyoinunua haikumfungulia kitu nyumbani.

Wote watano wanaweza kuwa wakweli. Kila mmoja ameshika kipande chake cha gemu na kukisemea kama vile ndiyo gemu nzima. Ukitaka kuwaelewa, inabidi kwanza ujue vipande vyenyewe.

Tuanze na aina ya gemu. Wachezaji wengi huziita gemu za namna hii tower defense. Mimi nitaziita gemu za ulinzi. Aliyewahi kulinda shamba la mahindi au mpunga ameshazicheza bila kushika padi, yaani kile kidhibiti chenye vitufe. Nguruwe na nyani hawatokei kila upande, wana njia zao. Watu wa kulinda ni wachache, kwa hiyo unajenga dungu pale njia inapobana na kumpandisha mwenye kombeo la mkono mrefu. Dungu likikaa mahali pabaya, unaweza kukesha mwezi mzima na mahindi yakaliwa. Gemu za ulinzi ni hivyo hivyo: adui anakuja kwa makundi, njia yake inajulikana, mali yako ina kiasi, na akili yote iko kwenye kuamua nini kikae wapi kabla hajafika. Sasa mtoe mwenye shamba nyumbani, umshushe mwenyewe kati ya madungu na manati mkononi. Hapo umepata mseto tunaouzungumzia: nusu unapanga, nusu unalenga na kufyatua.

Plants vs. Zombies ya kwanza haikuwa na manati. Ilitoka Mei 2009, ikatengenezwa na PopCap Games ya Seattle, Marekani, chini ya mbunifu George Fan. Nyasi za mbele ya nyumba ziligawanywa katika mistari mitano na kila zombi alifuata mstari wake. Ulikusanya jua, ukanunua mimea: Sunflower kwa jua 50 ili akuzalishie jua zaidi, Peashooter kwa jua 100 ili ateme punje za njegere. Mtoto aliielewa kwa dakika tano, bibi pia. Hakukuwa na haja ya kulenga chochote.

Mwaka 2011 mambo mawili yalitokea kwa wakati mmoja. Gemu za mseto zilianza kutoka kwa mfululizo, zikiwemo Sanctum, Orcs Must Die! na Dungeon Defenders, zote za mwaka huo. Na kampuni kubwa ya gemu ya Marekani, EA, ikainunua PopCap kwa takriban dola milioni 650 taslimu pamoja na hisa za dola milioni 100. Miaka mitatu baadaye, Februari 2014, ikatoka Garden Warfare kwenye Xbox One na Xbox 360, kisha kompyuta na PlayStation mwaka huohuo. Ilijengwa juu ya injini ya Frostbite, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu, ileile iliyoendesha Battlefield 4, gemu ya vita yenye alama ya umri wa miaka 18 huko Ulaya. Alizeti na zombi mwenye suti ya mpira wa Kimarekani wakajikuta wanakimbia ndani ya mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya vifaru na helikopta. Ukiniuliza mimi, huo ndio utamu wake, na ndio pia mwanzo wa mkanganyiko.

Gemu kadhaa ndani ya diski moja

Sehemu inayoitwa Garden Ops ndiyo gemu ya ulinzi. Wachezaji wanne kwa pamoja, wote upande wa mimea, wanachagua bustani ya kulinda kisha wanakabili mawimbi kumi ya mazombi wanaoendeshwa na kompyuta. Pembeni ya bustani kuna vitalu vya udongo ambapo unapanda mimea ya vyungu ikusaidie kufyatua. Cactus anakaa juu ya paa na kudungua kwa mbali. Chomper anamnyemelea zombi kwa nyuma na kummeza mzima mzima. Sunflower anabaki kati akiwatibu wenzake na kuwainua walioanguka. Wimbi la mwisho likija na Gargantuar, lile jitu linalobeba nguzo, kila mtu anaanza kupiga kelele ya kuomba tiba, na kitalu kilichoachwa wazi dakika mbili nyuma ndicho kinachoponza timu nzima. Mzazi anayeandika kwamba amecheka na wanawe jioni nzima, mara nyingi alikuwa hapa.

Sehemu nyingine ni vita kati ya watu na watu. Gardens & Graveyards inaweka wachezaji kumi na wawili upande wa mimea na kumi na wawili upande wa mazombi; hawa wanateka bustani moja baada ya nyingine, wale wanazuia. Team Vanquish ni fupi zaidi, timu ya kwanza kuangusha wapinzani hamsini imeshinda. Humo kompyuta haimhurumii mtu kwa sababu anayekupiga si kompyuta. Anaweza kuwa kijana wa miaka ishirini aliyeizoea gemu kwa mamia ya saa, akiwa ndani ya umbo la njegere lenye miwani. Mtoto anayelia alikuwa huku. Watengenezaji walijua, wakaweka hali ya wageni inayoitwa Welcome Mat inayompa nafuu anayeanza, lakini watoto wengi huipita mbio kwa sababu marafiki zao hawako huko.

Na anayesema gemu ni rahisi? Garden Ops ina ngazi nne za ugumu. Mchezaji mzoefu aliyekaa kwenye ngazi ya chini na kulalamika kwamba hakutoka jasho hana tofauti sana na mtu aliyeagiza chai bila sukari na kusema haina utamu. Ngazi ya juu inawashinda hata watu wazima wanaoelewana vizuri.

Alama ya umri inapima nini

Hapa kuna dhana potofu iliyoenea kuliko zote. Kwenye boksi la Marekani utaona E10+, maana yake inafaa kuanzia miaka kumi. Boksi la Ulaya lina PEGI 7. Watu hudhani alama hizo zinasema mtoto wa umri huo ataiweza. Hazisemi hivyo hata kidogo. ESRB, bodi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1994, na PEGI ya Ulaya iliyoanza 2003, hupima kinachoonekana na kusikika: damu, matusi, ngono, kamari, vitisho. Ugumu haumo. Ndiyo maana gemu ya sataranji yenye kumtesa profesa inaweza kupata alama ya watoto wa miaka mitatu.

Halafu kuna sentensi ndogo ambayo karibu hakuna anayeisoma: bodi ya ESRB husema wazi kwamba yanayotokea kati ya wachezaji mtandaoni hayajapimwa. Kwa maneno mengine, bodi imemwangalia zombi, haikumwangalia jirani yako aliyeshika maikrofoni. Gemu inaweza kuwa safi kabisa huku mtu wa upande wa pili akimwaga matusi ya rejareja. Mzazi aliyekasirika kwa sababu hiyo hajadanganya, na mwingine anayeapa kwamba hakusikia neno baya naye hajadanganya. Pengine huyu alizima sauti ya wageni kwenye mipangilio ya mashine yake, jambo linalochukua dakika chache na ambalo ningelifanya kabla ya kumkabidhi mtoto padi.

Hata suala la "vurugu" lenyewe watu hulisoma kwa macho tofauti. Kuna familia ambayo kwao kulenga na kufyatua ni kulenga na kufyatua tu, hata kama kinachotoka ni punje ya njegere. Kuna nyingine inayoona mradi hakuna damu wala maumivu, ni sawa na katuni. Mimi niko upande wa hawa wa pili, ila sioni kosa kwa wa kwanza. Alama ya umri haiwezi kuwaamulia.

Diski haimaanishi kwamba huhitaji intaneti

Yule wa nyota moja anastahili kusikilizwa, hasa na wasomaji wa huku kwetu tunaonunua data kwa kifurushi. Tumezoea kwamba ukishika diski mkononi, gemu ni yako: weka, cheza. Garden Warfare haikuundwa hivyo. Diski inabeba picha, ramani na sauti, lakini mchezo wenyewe ulijengwa kwa ajili ya seva, yaani kompyuta za mbali, za EA na wachezaji wenzako walioko huko. Toleo la pili, lililotoka Februari 2016, liliongeza uwezo wa kucheza peke yako ukisaidiwa na wahusika wa kompyuta, na bado likadai uwe umeunganishwa wakati wote. Wachezaji wengi walinung'unika, na kwa maoni yangu walikuwa na haki kabisa: ukicheza na kompyuta peke yako, seva ya mbali inakuhusu nini? Jibu la kiufundi ni kwamba sarafu, ngazi na mali zako huwekwa huko ili zisichakachuliwe. Ni jibu la kweli lisiloridhisha.

Kuhusu bando lenyewe, watu hukosea upande. Kucheza kwenyewe hula data kidogo, kidogo kuliko kutazama video. Kinachomaliza kifurushi ni kupakua gemu na masasisho yake, ambayo huhesabiwa kwa gigabaiti. Tatizo jingine ni umbali. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa na seva iko Ulaya, kila kitufe unachobonyeza kinasafiri maelfu ya kilomita kwenda na kurudi. Kwenye Garden Ops utavumilia. Kwenye vita ya watu na watu utamlenga zombi aliyekwisha ondoka pale unapomwona. Ukisoma mtu anasema silaha "hazipigi" na mwingine anasema zinapiga vizuri mno, angalia kwanza wanaishi wapi. Na usisahau kwamba kwenye mashine za Xbox na PlayStation, kucheza na watu mtandaoni gemu ya kulipia kama hii kwa kawaida kunahitaji uanachama wa kulipia kando.

Sarafu na stika

Hili ndilo linalowagawa watu zaidi, na limechanganywa vibaya, kwa hiyo tulitazame polepole.

Ndani ya gemu unapata sarafu kwa kucheza. Sarafu zinanunua pakiti za stika. Hujui kilichomo mpaka uifungue. Inaweza kuwa kofia ya kumpamba mmea wako, inaweza kuwa kipande cha stika ya mhusika mpya, ambaye hutamtumia mpaka vipande vyake vyote vitimie, au inaweza kuwa mimea ya vyungu. Gemu ilipotoka, sarafu zilipatikana kwa kucheza tu, na waliotoa maoni wiki za kwanza waliisifu EA kwa hilo. Baadaye mwaka huohuo wa 2014 ikaongezwa njia ya kununua sarafu kwa pesa halisi. Maoni ya Machi na maoni ya Desemba kwa hiyo yanazungumzia duka mbili tofauti.

Sasa, lalamiko la "lipa ushinde". Nadhani limetiwa chumvi. Mhusika mpya hana nguvu kuliko wa kawaida kwa namna iliyo wazi. Ana silaha tofauti, wakati mwingine ya barafu au moto, na mchezaji mzuri mwenye Peashooter wa bure atakugaragaza. Kinachouzwa hasa ni kutosubiri. Ila kuna tundu ambalo wasifiaji hawalitaji. Mimea ya vyungu unayopanda kwenye Garden Ops hutumika na kwisha. Kwenye gemu ya 2009 ulianza kila hatua upya, jua likapatikana palepale bustanini. Hapa ulinzi wako unatoka kwenye akiba, na akiba inatoka kwenye pakiti za bahati. Akiba ikiisha, unarudi kuchuma sarafu au unatazama kadi ya benki ya baba. Yaani sehemu inayofaa familia kuliko zote ndiyo inayokula stika kuliko zote. Sina hakika kama ilipangwa hivyo kwa makusudi, lakini mtoto atalihisi hilo kabla ya mzazi.

Kuna kichekesho kingine hapohapo. Baadhi ya mawimbi ya Garden Ops huletwa na mashine ya kuzungusha picha, mfano wa zile za kamari, ili kuamua ni majitu gani yatokee. Hakuna pesa inayowekwa pale, ni mapambo tu. Bado, kwa gemu ya watoto wa miaka saba, mtu angeweza kubuni kitu kingine.

Hasira iliyopo kwenye maoni mengi pia haikuzaliwa ndani ya bustani hii. Novemba 2017 EA ilikumbana na ghadhabu kubwa ya wachezaji kuhusu pakiti za bahati kwenye gemu yake nyingine, Star Wars Battlefront II, mpaka ikazima kwa muda ununuzi wa pesa halisi gemu ilipokuwa inaingia sokoni. Mwaka uliofuata tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba pakiti za aina hiyo zinazolipiwa ni kamari kisheria. ESRB nayo ikaanza 2018 kuweka alama ya kuonyesha gemu ina manunuzi ya ndani, na 2020 ikaongeza alama ya vitu vya bahati. Gemu za 2014 na 2016 zilipita kabla ya alama hizo kuwapo. Mtu anayeandika leo kuhusu Garden Warfare anaandika akiwa na kumbukumbu hizo zote kichwani, hata kama yeye mwenyewe hakutumia senti.

Asilimia si alama za mtihani

Kabla hujaamini namba iliyo juu ya maoni, ujue imehesabiwaje. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, mchezaji hatoi alama. Anasema tu anapendekeza au hapendekezi. Asilimia unayoiona ni idadi ya waliopendekeza. Tuseme gemu fulani kila mtu anaiona ya kawaida, haina baya: inaweza kupata asilimia 90. Nyingine nusu ya watu wanaipenda kupindukia na nusu wanaichukia: itapata 50, na Steam itaiita yenye maoni mchanganyiko, jina linalopewa kila kilicho kati ya asilimia 40 na 69. Hiyo ya pili inaweza kuwa ndiyo gemu ya maisha yako. Tena mtu anayekereka ana sababu kubwa ya kuandika kuliko yule anayeendelea kucheza na wanawe kimya kimya.

Ndani ya mfululizo wenyewe mambo yanazidi kuvurugika kwa sababu watu hutaja "Garden Warfare" wakimaanisha gemu tatu. Ya pili iliongeza wahusika kama Rose na Captain Deadbeard, ikaweka uwanja mkubwa wa kuzurura kati ya mechi, na ikaruhusu kwa mara ya kwanza kucheza ulinzi ukiwa upande wa mazombi. Wachezaji wa muda mrefu wengi huitaja hii kama kilele. Ya tatu, Battle for Neighborville ya Oktoba 2019, ilifuta utitiri wa matoleo tofauti ya kila mhusika na kuweka mfumo wa kuchagua uwezo. Waliokusanya stika kwa miaka mitano walijisikia kama wamepokonywa. Waliokuwa wageni hawakuelewa ugomvi unahusu nini. Na takriban mwaka mmoja tu baadaye EA ikaacha kuiongezea vitu vipya, jambo lililowatia uchungu hata waliokuwa wameanza kuizoea.

Kisha Machi 2021 hiyo ya tatu ikatolewa kwa Nintendo Switch, mashine ndogo ya kushika mkononi, safari hii bila manunuzi ya pesa halisi na ikiwa na uwezo wa kucheza bila intaneti. Picha zake ni hafifu kuliko za mashine kubwa, na mashabiki wa zamani bado wanaihesabu kuwa dogo la familia. Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka minane, bando la wiki na kadi ya benki isiyopaswa kuguswa, ndiyo ningeinunua kwanza.